Nilivyocheza Kati Jeddah

Hii aibu ningeinyamazia, lakini kwa vile jamaa wa mtaani kwetu Manfuha wanaisimulia vibaya, acha niiseme mwenyewe.

Mimi ni dereva hapa Riyadh. Bosi wangu alisoma Marekani akarudi na wazimu wa besiboli, na kila safari garini ni habari za warushaji walioongoza ligi kwa kumaliza mechi nzima wapinzani wakiwa sufuri. Siku moja akalalamika kwamba timu yake inaenda Jeddah na haina mrushaji, na mimi niliposikia Jeddah tu (mke wangu Mwende ni mfanyakazi wa nyumbani huko, na tangu tuje Saudia hatujaonana) mdomo ukafunguka wenyewe: "Bosi, mimi najua kurusha." Akanipeleka kwenye bohari la Al-Sulay, akaniwekea pipa, nikalipiga kila mara, maana nililelewa na dada watupu na mchezo wetu ulikuwa kati, ule wa kumlenga aliye katikati na mpira mpaka umpate atoke.

Nadhani mmeshaona shida inakotoka.

Mwende alikuja uwanjani na watoto wa madam wake, kwa kuwa mume wa madam alikuwa anachezea wapinzani wetu, na madam alikubali tuketi tuongee baada ya mechi. Nikataka anione. Mtu wa kwanza akasimama na gongo lake, nikamlenga paja, nikampata, akaondoka akichechemea, nami nikampungia Mwende mkono. Wa pili, mbavu. Wa tatu alijaribu kukwepa (hodari, lakini si kama dada zangu). Kumbe kwenye besiboli ukimpiga mtu unampa njia ya bure, nao wanazidi kusogea kuelekea pointi huku mimi najihesabia sufuri. Bosi akaja mbio akipunga mikono, nikaona amefurahi, nikasema nimmalize na huyu mnene. Nikampata makalioni.

Huyo mnene ndiye mume wa madam.

"Halas," bosi akasema, akininyang'anya mpira. "Wewe dereva. Dereva tu."

Yule mnene hakuweza kuketi, akalazwa kifudifudi kiti cha nyuma, na madam akasema yalla, nyumbani, wote. Mwende akanipita amebeba mtoto na mfuko wa barafu.

"Baba Kioko," akasema polepole, "nimembembeleza madam mwaka mzima nikuone, halafu wewe unampiga mumewe."

Alitaka kucheka, nilimwona, lakini machozi yakamtangulia.

Tangu siku hiyo nikiulizwa kama najua kitu nisichokijua, jibu langu ni mafi, yaani hakuna. Nilitoka Riyadh mpaka Jeddah, na mke wangu sikumshika hata mkono.