Wa Pembeni Kwenye Picha ya Marlys

Mama mkwe wangu, Marlys Tollefson, hajawahi kukosa kutuma kadi ya Krismasi. Mwaka wa arobaini na moja huu, kila Desemba, watu themanini hupokea picha ya familia yake nzima, wote ndani ya masweta mekundu aliyoyafuma mwenyewe, pamoja na barua ya kurasa mbili inayoeleza nani kapandishwa cheo na nani kang'olewa jino. Alipika katika jiko la shule pale Fergus Falls, Minnesota, kwa miaka thelathini, na siku ya picha hutupanga kama alivyokuwa akipanga watoto kwenye foleni ya chakula. Hakuna mjadala.

Kuna kanuni moja ya picha hizo, na kila mtu kwetu anaijua. Damu yake husimama katikati. Wachumba na wengine ambao hana hakika nao huwekwa pembeni, ili mambo yakiharibika awakate kwa mkasi na kadi ibaki salama. Wala hafichi. Mimi nilikaa pembeni miaka minne kabla hajaniambia, bila sherehe yoyote, "Janine, sogea ndani." Siku hiyo nililia chooni. Wade, anayeishi na wifi yangu Kari, yuko pembeni mwaka wa saba sasa, na siku hizi hujipeleka mwenyewe bila kuambiwa.

Mwaka huu alitulipia safari, kusherehekea miaka yake sabini na mitano. Siku saba kwenye meli ya watalii huko Alaska, sisi sita. Picha ingepigwa katika mji wa bandari wa Ketchikan, juu ya daraja la mbao, samaki aina ya samoni wakipanda kijito nyuma yetu. Alichokuwa hajui ni kwamba mimi na mwanawe Curt tulikuwa tunaachana. Curt ndiye aliyetaka. Alishakodi nyumba upande wa pili wa mji, na mimi kufika Aprili nilikuwa nimechoka kubembeleza. Tulikubaliana kumwambia Mama baada ya safari. Binti yetu Britta, wa miaka kumi na mitano, alijua na alinyamaza vizuri kuliko baba yake.

Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kumaliza siku saba bila uso wangu kunisaliti. Curt mwenyewe alikuwa ameacha kuniuma. Kilichonikosesha usingizi ni kwamba nilikuwa nampoteza mama mkwe, na hakuna mahakama inayogawa mama mkwe.

Usiku wa kwanza nilimwomba mhudumu wa chumba atenganishe vitanda. Asubuhi ya Ketchikan, Mama aliingia bila kubisha, masweta mkononi, akakuta vitanda viwili, kila kimoja na mnyama wake wa taulo, kama wahudumu wa meli wanavyopenda kuzikunja. Kwangu kulikuwa na tembo, kwa Curt kitu kama kaa.

"Curt anakoroma," nikasema haraka mno.

"Mm," akasema Mama. Akaweka masweta juu ya tembo, akatoka.

Nje mvua ilikuwa inanyesha. Haikuwa ya radi wala ya kelele. Ilikuwa inamwagika taratibu tu, kama mgeni aliyekuja na sanduku lake. Pale gatini pana kibao kirefu kinachoonyesha kimo cha mvua ya mwaka mzima, na wenyeji wanajivunia. Tulishuka saa tatu, masweta ndani, makoti ya mvua juu. Saa tisa na nusu alasiri kila mtu alitakiwa awe amerudi melini.

"Makoti mtayavua wakati wa picha," Mama alisema. "Kwenye kadi ya Krismasi hakuna nailoni."

"Na mvua je?" Kari akauliza.

"Itakoma."

Haikukoma. Tulisimama upenuni mwa duka la vito saa nzima, tukahamia upenuni mwa duka jingine la vito, maana mtaa ule una pete nyingi kuliko mikate. Tukanywa supu ya kombe, tukarudi upenuni. Wade alikuwa na tiketi za kutazama wakata miti wakishindana kwa mashoka, jambo alilolisubiri tangu Januari. Saa ya mashindano ikafika, ikapita, tiketi zikalowa mfukoni. Maji yalitupata shingoni hata ndani ya makoti, na sufu ikishalowa inanuka mbwa. Curt alitazama simu yake kila baada ya dakika mbili. Mungu anisamehe, nilitamani kuwatupia samoni ile simu, na mwenyewe aifuate.

Saa nane tukawa darajani, tukiwa tumejibanza chini ya paa la duka la samaki wa moshi.

"Mama, turudi," Curt alisema. "Tupige kwenye ngazi kubwa ya meli. Kuna taa, kuna mpiga picha, pakavu."

"Na samoni?"

"Nani atawatazama samoni?"

"Mimi nitawatazama."

"Bibi," Britta akasema, "sivihisi vidole vyangu."

"Vipo. Vihesabu."

Nilimchukia mwanamke yule wakati ule, na papo hapo nikawaza kwamba mwakani hatanitesa hivi. Nikaona bora anitese.

Karibu saa tisa mwenye duka akatoka. Alikuwa mwanamke mpana, gambuti za kahawia miguuni, bila mwavuli. Akatutazama mmoja mmoja.

"Nyie mnasubiri nini?"

"Mvua ikome," Mama akamjibu.

"Mama yangu, mimi naisubiri tangu mwaka themanini na tano. Lete kamera."

Mama akafikiri kidogo, kisha akampa. "Haya. Vueni makoti."

Wahenga wanasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tukavua, tukaingia mvuani. Mama alichomoa kutoka mfukoni karatasi yenye mpango wa nafasi, lakini wino ulikuwa umetiririka wote, akaikunja tena. Mimi sikungoja. Nilikwenda mwenyewe mpaka mwisho kushoto, mahali pa Wade, nimrahisishie mkasi.

"Wade," Mama akaita, "sogea ndani, karibu na Kari."

Wade aligeuka kutazama kama nyuma yake kuna Wade mwingine. "Mimi?"

"Meli haitusubiri, Wade. Na wewe Janine, unakwenda wapi?"

"Hapa pananitosha, Mama."

"Sijakuuliza kama panatosha. Njoo." Akapiga ukingo wa daraja kwa kiganja, ubavuni pake, katikati kabisa. Nikaenda. Britta akasimama mbele yetu.

"Curt, wewe mwisho."

"Mwisho wapi?"

"Pale anaposimamaga Wade."

Curt akacheka kidogo, kisha akaacha. "Mama, mimi ni mwanao."

"Najua, nilikuwepo. Nenda mwisho."

Wade alikazia macho viatu vyake, Kari akamtazama kaka yake. Chini yetu samoni walikuwa wanajirusha juu ya mawe na kuanguka tena. Curt akaenda.

"Nahesabu," akasema mwenye gambuti. "Moja, mbili..."

Mama hakugeuza uso. Alisema huku ametabasamu lile tabasamu lake la kadi, midomo haikutikisika.

"Curt anakoroma tangu ana miaka minne, na wewe hukuwahi kulalamika. Sasa simama wima."

Nikasimama wima. Alikuwa amenishika sweta kwa nyuma, kwa ngumi, na hakuliachia mpaka tulipofika melini.