Kidole Nisichokigusa

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuwafuatilia watu waliougua ukoma katika vijiji vya Fizi, mashariki mwa Kongo. Natoka mjini Baraka kwa pikipiki, na barabara ikinishinda naiacha pikipiki kwa mtu na kuendelea kwa miguu. Wapo wanaonihurumia. Wasijisumbue. Kwa wagonjwa wangu nimekula ndagala, dagaa wa ziwa letu, tamu kuliko za kwenye harusi za wakubwa.

Watu huniuliza: mtu akishamaliza dawa amepona, hamwambukizi yeyote, sasa unamfuata nini? Nafuata mishipa ya fahamu. Hata miaka baada ya kupona inaweza kuvimba, mkono ukafa ganzi kimyakimya, na mtu akaungua bila kujua. Ukiiwahi, kuna vidonge vya kuituliza. Ukichelewa, basi tena.

Kipimo chenyewe ni biki, kalamu ya wino tu. Mgonjwa anafumba macho, namgusa kiganjani kwa ncha, naye anaonyesha kwa mkono wa pili pale alipoguswa. Kwenye fishi, ile kadi ya mgonjwa, umechorwa mkono wenye alama, nami nilizifuata kama zilivyopangwa: dole gumba, kidole cha shahada, katikati ya kiganja, kidole cha mwisho, kisha chini yake. Sikubadili hata siku moja, na utaratibu wangu huo niliuonea fahari.

Huko Lubondja yuko mama mmoja mjane, aliyekuwa amemaliza dawa miaka minne nyuma. Fishi yake ilikuwa safi kuliko zote, na nilizoea kuwatolea wengine mfano wake.

Mchana mmoja tulikaa mbele ya jiko lake, mke wa mwanawe akisonga bugali ndani. Nikagusa dole gumba, shahada, kiganja. Mbuzi akaingiza mdomo kwenye mfuko wangu wa dawa. Nikageuka kumfukuza, na nilipomrudia mama, macho kafumba vilevile, alikuwa ameshaonyesha kidole cha mwisho. Sikuwa nimekigusa.

Nilimwomba aendelee kufumba. Nikaanza upya, safari hii bila mpango. Kiganja, akaonyesha kiganja. Kidole cha mwisho, akangoja. Nikagusa tena, kwa nguvu kidogo. Akangoja, kisha akabahatisha dole gumba.

Mimi nina hasira za karibu, mke wangu atawaambia. "Mama! Ni miaka mine unanidanganya?"

Akafumbua macho. "Si miaka mine, muganga. Ni tangu mvua ilianza, miezi mitatu hivi. Ile njia yako niko naijua kwa kichwa kama sala." Kisha akashusha sauti, mkwe wake asisikie. "Wakati nilikuwa mugonjwa, nilikuwa nakula pembeni, na sahani yangu peke. Siku ile uliandika nimepona, batoto ya mutoto wangu bakanikalisha kwa sahani yabo. Ukiandika mi siko nasikia, batanirudisha pembeni."

Hasira ikanigeukia mwenyewe. Siku ile niliwasomea jamaa zake neno "amepona", nikafunga mfuko nikaenda. Sikuwaambia kwamba ganzi yaweza kuja bila ugonjwa kurudi. Nilimwachia mama alinde sahani yake kwa akili zake, na akili anazo.

Bugali ulipoiva nilinawa, nikaomba tule wote pamoja. Nilikaa kati yake na wajukuu, tukachota sahani moja, huku nikiwaeleza ganzi ni nini na kwamba haimwambukizi mtu. Mkwe wake aliniuliza maswali makali, mengine mara mbili. Nilijibu yote. Aliporidhika, akalisogeza bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo, karibu na mama mkwe wake, akaendelea kula.

Nilimwanzishia vidonge na kumrudia kila baada ya wiki mbili. Chini ya kidole fahamu zilirudi. Kwenye ncha ya kidole hazikurudi, na nadhani hazitarudi. Hata hivyo mkono uliobaki na fahamu ni mwingi, nami namshukuru Mungu kwa ajili yake, na kwa ajili ya yule mbuzi.

Siku hizi nampima kila mtu ovyoovyo, leo naanzia hapa, kesho pale. Mara ya mwisho nilipofika kwake wajukuu walituzunguka, na mkwe wake alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Nikagusa ncha ya kidole cha mwisho. Mama aliendelea kufumba macho.

"Kama umeshagusa, mi siko nasikia," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Andika."

"Andika, muganga," mkwe wake akasema, "kisha mukuye tukule, bugali iko inapoa."

Nikaandika. Fishi ile sasa ina alama mbaya moja, ya kweli.