Nyumbu Aliyeelekea Kibla

Kazi yangu hapa Johannesburg ni kisu. Nikisema hivyo watu hushika mifuko yao, kwa hiyo huwa namalizia haraka: mimi ni mchinjaji. Wiki nzima nachinja kondoo na kuku kwa ajili ya bucha moja la mtaa wa Mayfair, na majira ya baridi, wenye mashamba wanapopunguza wanyama wao wa porini, nafuatana nao kwenye mawindo.

Utaratibu wetu uko hivi. Mwenye bunduki si Mwislamu, na mwenye kisu hana kibali cha bunduki. Basi tunagawana kazi. Yeye anampiga mnyama juu ya shingo, aanguke akiwa bado hai. Mimi natimka. Nafika kabla roho haijatoka, nataja jina la Mungu, nakata. Mbio zangu kati ya mlio wa bunduki na koo la mnyama, laiti kungekuwa na mtu wa kuzipima, zingewafanya wakimbiaji wa dunia nzima warudi makwao wakalime. Nina tumbo, nakubali, lakini tumbo hutangulia na miguu hulifuata.

Mnyama akifa kabla sijamfikia, kwetu ni mzoga. Hapo hakuna mjadala wala punguzo.

Mwaka ule binti yangu alikuwa anaolewa. Baba wa bwana harusi ni Mzanzibari, muuza vitambaa, mtu aliyenyooka kama rula yake ya kupimia. Siku ya posa nilijisahau. Watu walikuwa wengi, chai ilikuwa tamu, nikatangaza kwamba pilau ya harusi hii haitapikwa kwa nyama ya bucha kama harusi za watu wa kawaida. Itapikwa kwa nyumbu.

"Nyumbu mzima," nikasema, "mkubwa kama basi la Durban!"

Binti yangu, ambaye Kiswahili anakisikia vizuri ila kukizungumza anaona tabu, aliziba uso. "Eish, Baba. Please, usianze."

Mzanzibari akanitazama kwa juu ya miwani. "Sheikh wangu," akasema polepole, "tangu tujuane, hujapata kunambia kitu kikawa na ukubwa wake wenyewe. Huyo nyumbu nitamwamini nikimwona kwenye sinia."

Sebule nzima ikaangua kicheko. Nilicheka kuwashinda wote, lakini neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Binti yangu alikuwa anakwenda kuishi katika nyumba ya mtu anayemwona baba yake ni mwongo. Nilitaka sinia lile lifike, lenye nyumbu juu yake, halali, mbele ya miwani ile.

Mwalimu wangu wa shule ya usiku, ambako nilihitimu kidato cha mwisho nikiwa na mvi kidevuni, aliwahi kuniandikia kwa kalamu nyekundu: "Unaandika vizuri. Punguza." Nimekumbuka maneno yake nilipofika hapa, kwa sababu yanayofuata sijayaongeza hata punje.

Shamba liko kusini mwa jiji, ukishaupita mtaa wa Rosettenville na vile vilima vya njano vya mchanga wa migodi. Siku ya kawaida, ukisimama pale unaona majengo marefu ya mjini yamejipanga kwa mbali. Asubuhi ile hapakuwa na jiji. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka magotini, na baridi ilikuwa imeganda juu ya nyasi ikazifanya nyeupe. Magari ya barabara kuu tulikuwa tunayasikia, taxi zinapiga honi kama siku zote, lakini sauti zilitoka upande ambao barabara haipo.

Tulikuwa watatu. Mwenye shamba, mzee wa Kikaburu mwenye goti bovu, tuliyemwita Oom, kama vijana wao wanavyowaita wazee, yaani mjomba. Mlinzi wake, Mkongomani kutoka Lubumbashi, Mkristo, mcheshi, anayeniita yaya kwa sababu kwao ndivyo unavyomwita mkubwa wako. Na mimi.

Nyumbu dume alitokea kwenye ukungu akiwa peke yake, kichwa kwanza, mwili baadaye. Oom alilenga. Bunduki ikalia. Nikatimka.

Nilipofika mahali pale hapakuwa na kitu. Nyasi zilikuwa zimelala, na juu ya ule weupe palikuwa na damu kidogo, nyekundu mno, inatoa mvuke. Risasi ilikuwa imempata chini ya ilipokusudiwa, na yeye alikuwa amekwenda.

"Tanzania," Oom akaniita, hivyo ndivyo anavyoniita, "tunasubiri. Aliyejeruhiwa ukimfuata mbio, anakwenda mbali. Mwache alale."

"Oom, akilala anakufa."

"Ndiyo. Hiyo ndiyo faida ya kusubiri."

"Kwako, Oom. Kwangu akifa nimefiwa."

Mlinzi akacheka. "Yaya, twende. Huyu mzee iko anataka biltong, ile nyama yake ya kukausha."

Oom akatikisa kichwa, akatangulia na goti lake. Tukaifuata damu. Si kazi ngumu damu inapoanguka juu ya weupe. Ugumu ni kuamini unachokiona. Nyayo zilikwenda moja kwa moja, kisha zikapinda, zikatuzunguka, zikarudi nyuma yetu. Tulikuta alama za kwato juu ya alama za viatu vyetu wenyewe. Alikuwa amepita mahali tulipopita sisi, baada yetu, na hakuna aliyemsikia.

Mlinzi akaacha kucheka.

Damu ikatupeleka mpaka kwenye uzio ulioanguka. Ng'ambo ya uzio palikuwa na nyumba za matofali, za safu moja, hazina mapaa. Ni kambi ya zamani ya wachimba dhahabu, ya enzi ambazo babu yake Oom alikuwa mtoto. Milango ilikwisha ng'olewa zamani. Madirisha yalikuwa na nondo.

Oom akasimama. "Mimi humo siingii," akasema.

"Goti?"

"Si goti." Akampa mlinzi bunduki, akawasha sigara, akageuka kutazama tulikotoka.

Hapo ndipo tulipoisikia pumzi.

Ilikuwa ndefu, nzito, na mwishoni ilikwaruza kama pumzi ya mtu mwenye pumu. Ikatoka. Ikanyamaza muda wa kutosha mtu kudhani imekwisha. Ikavutwa ndani tena. Nywele zangu za mkononi zilisimama mpaka zikasukuma mikono ya sweta, na hilo, samahani mwalimu, ndilo pekee nililoongeza. Lakini moyoni nilifurahi. Nikasema kimoyomoyo: yu hai. Sinia litafika.

"Iko mule ndani," mlinzi akanong'ona. "Yaya, iko inapumua."

Tukapita mlango mmoja baada ya mwingine. Kila chumba kilikuwa na ukungu wake, umekaa mle kama mpangaji. Kwenye kuta palikuwa na misumari bado, kwa urefu wa mtu anayetundika koti. Damu ilipita nje ya vyumba hivyo bila kusita, kama anayekwenda anajua anakokwenda, ikaingia chumba cha mwisho.

Alikuwa amesimama.

Alikuwa amesimama kwenye kona, miguu ameitanua, mgongo wake kwetu, kichwa amekiinua mpaka dirishani. Pembe zake zilikuwa zimeingia kati ya nondo. Alikuwa anatazama nje, kama mtu anayengoja mgeni. Na pumzi ile ilijaa chumba kizima. Ikatoka. Ikanyamaza. Ikavutwa.

Mlinzi akainua bunduki. Nikamwashiria aishushe. Nikatoa kisu, nikasogea kwa ubavu, nikiwa tayari kurukia mlangoni, kwa sababu nyumbu aliyejeruhiwa anaweza kukuvunja mbavu kwa kugeuka tu. Hakugeuka. Nikajikuta nimesimama karibu na shingo yake, nikafanya kama ninavyofanya siku zote, nikaangalia upande. Mchinjaji huijua kibla ya jiji hili bila kuuliza. Dirisha lile lilikuwa linaitazama kibla, barabara, na yeye alikuwa ameelekea huko. Katika miaka yangu yote nimewageuza wanyama kwa nguvu za mikono. Huyu alikuwa amejigeuza.

Nikafungua mdomo kutaja jina la Mungu. Kabla sijataja, mkono wangu wa kushoto, kwa mazoea tu, ukamgusa jicho. Ndivyo tunavyojua: mnyama aliye hai, hata akiwa hoi namna gani, ukimgusa jicho atapepesa.

Hakupepesa. Jicho lilikuwa baridi. Kwenye kope zake mlikuwa mmeingia ule weupe wa kwenye nyasi.

Na pumzi ikavutwa tena, pale pale masikioni mwangu.

Nikaweka kiganja mbele ya pua yake, nikangoja. Pumzi ikatoka, ndefu, nikaisikia mpaka kifuani. Kwenye kiganja changu hakikupita kitu, hata upepo wa kuzima kiberiti.

"Kata, yaya!" mlinzi akasema mlangoni. "Unangoja nini?"

"Amekufa."

"Amekufa namna gani? Weye hausikie? Iko inapumua!"

"Nasikia."

"Bon! Basi kata. Miye nimesikia na masikio yangu mbili. Mtu akiuliza, nitaapa mbele ya pasta wangu na mbele ya imamu wako. Kitu inapumua, iko hai. Nani atayua?"

Nilisimama pale na kisu. Nataka nieleze sawasawa jinsi ilivyokuwa rahisi. Nilikuwa na shahidi ambaye hata asingesema uongo. Nilikuwa na pumzi. Nilikuwa na mnyama aliyeelekea kibla. Nililiona sinia, niliona miwani ya Mzanzibari ikiingia mvuke wa pilau, niliona binti yangu ameinua kichwa. Makali yalikuwa yameshagusa manyoya ya shingo. Kilichobaki ni kukata.

Lakini vidole vyangu vilikuwa bado na ubaridi wa jicho lile. Naongeza ukubwa wa mabasi, naongeza mbio zangu, nikiongezewa chai naongeza na ukoo wangu. Kifo sijawahi kukiongeza wala kukipunguza. Watu wa mtaa mzima wanaweka mkononi mwangu kile wanachowalisha watoto wao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kunisimamia.

Nikakirudisha kisu alani.

"Huyu ni wako wewe na Oom," nikasema. "Mtengeneze biltong."

Mlinzi alinitazama, akamtazama nyumbu, na nikaona uso wake unabadilika anapolifikia lile nililokuwa nimeshalifikia mimi. Kama huyu amekufa, basi tunachokisikia ni nini? Alifanya ishara ya msalaba, akatoka nje kinyumenyume.

Oom alikuja mpaka uani, hakupita hapo. "Ni mgodi," akasema, bila kushangaa. "Nyuma ya hicho chumba kuna mdomo wake wa zamani. Baridi ikibadilika unavuta hewa, halafu unatoa. Baba yangu alikuwa anasema unapumua. Nendeni mkaone."

Nilikwenda. Mlinzi hakwenda. Nyuma ya ukuta palikuwa na tundu limefunikwa kwa wavu wa chuma, na nyasi zilizolizunguka hazikuwa nyeupe. Nikachutama, nikaweka juu yake kiganja kile kile. Pumzi ikaja. Ilikuwa ya vuguvugu, yenye unyevu, ina harufu ya chuma na ya nguo zilizolowa. Ndiyo pumzi niliyokuwa nimeingoja puani mwa nyumbu. Niliutoa mkono upesi, na siku nzima niliosha kiganja hicho zaidi ya ilivyohitajika.

Tulimfunga nyumbu kamba, Oom akamvuta kwa gari lake la mizigo. Pembe ziligoma kidogo kutoka kwenye nondo. Zilipoachia, sauti ya nyuma ya ukuta ikakoma. Oom akasema upepo umegeuka. Mimi niliangalia moshi wa sigara yake: ulikuwa unapanda wima.

Basi pilau ya harusi ikawa ya kuku. Kuku wazuri, nimewachinja kwa mkono wangu, lakini kuku. Mzanzibari alilitazama sinia, akainua miwani, akaishusha.

"Sheikh wangu, basi la Durban limechelewa?"

Meza nzima ikatulia ili inisikie ninavyojitetea. Nikawaeleza. Nikawaeleza kama nilivyoeleza hapa, polepole, bila basi na bila kusifia mbio zangu: ukungu, nyayo juu ya nyayo zetu, dirisha, jicho, pumzi. Nilipofika kwenye kibla, mtu wa mwisho wa meza alishindwa kujizuia, akaangua kicheko, na wengine wakamfuata mpaka sharubati zikamwagika.

"Amesimama! Amekufa! Na ameelekea kibla!" wakarudia, wakipigana mabega. "Huyu bwana safari hii amevunja rekodi yake!"

Binti yangu, kwenye kiti chake cha bibi harusi, hakuziba uso. Alikuwa ananitazama mkono. Bila kujua nilikuwa nimekigeuza kiganja juu, kama pale mbele ya pua ya nyumbu.

Mzanzibari naye hakucheka. Alingoja kelele zishuke. Kisha akajisogeza, akaniuliza kwa sauti ya chini, swali la mtu anayepima kitambaa:

"Shahidi wako alikuwa tayari kuapa?"

"Alikuwa tayari."

"Na kisu kilikuwa mkononi?"

"Kilikuwa shingoni."

Akavua miwani, akaifuta kwa pembe ya kanzu, muda mrefu. Halafu akachukua paja la kuku lililokuwa mbele yake, akasema bismillahi, akala. Alipomaliza akachukua la pili, na kwa sauti ya kusikika meza nzima akasema kwamba tangu siku hiyo, nyumba yake nyama itanunuliwa kwangu.

Wageni wakadhani ni mzaha, wakacheka tena. Nikacheka nao. Ila mkono wangu wa kushoto niliuweka mfukoni, maana ulikuwa umeanza tena kuhisi vuguvugu.