Jeneza la Miezi Minne

Hakuna kitu ambacho kingeweza kunishtua, hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema. Niliacha shule darasa la sita nikaanza kwa kufagia vumbi la mbao kwenye karakana ya majeneza pale Kondele. Leo ukitafuta jeneza zuri, kuanzia Nyamasaria mpaka Kombewa, utaelekezwa kwangu tu.

Kazi moja niliikataa: mimba iliyotoka. Kwetu hiyo huzikwa na akina mama wazee, kimya kimya, bila sanduku. Wazazi wakija na machozi yao niliwarudisha, nikiwaambia asiyewahi kulia duniani hana vipimo. Na kanisani, kwa sababu paa lile nimeliezeka mimi, nilisimama nikasema anayetoa mimba ameua mtu. Sikuona kwamba maneno hayo mawili hayakai nyumba moja.

Halafu mke wangu akabeba mimba akiwa na miaka arobaini na moja. Mwezi wa nne miguu ikavimba, akawa analala ameketi. Daktari alituita, akasema moyo wake umechoka. Mimba ikibaki tutawapoteza wote wawili. Akatusogezea karatasi ya kukubali mimba itolewe. Nilimwambia mke wangu asaini haraka, tuna watoto wanne nyumbani. Alishika kalamu, hakuandika.

"Baba watoto, huyu ni mtu au si mtu?"

Nikasema hayo tutaongea nyumbani.

"Utaniambia hapa. Kama ni mtu, utamtengenezea sanduku. Kama si mtu, utasimama kanisani useme ulidanganya."

Daktari akageukia dirisha. Mimi, ambaye sijawahi kushindwa na mteja, nilikosa pa kutokea. Nikisema ni mtu, ndimi ninayeharakisha auawe. Nikisema si mtu, mbona kila asubuhi nilikuwa nainama kumsalimia kabla ya kwenda kazini? Na hapo kando yangu pumzi ya mama yake ilikuwa ikikwaruza.

"Ni mtu," nikasema.

"Na bado unataka nisaini?"

"Bado nataka."

Akasaini. Alipona, sasa anapika, anacheka na majirani. Mimi bado niko kwenye kile kiti cha kwa daktari.

Karakana yangu ilijaa vipande vya mbao, lakini sikugusa hata kimoja. Nilienda dukani kununua mbao, nikapanga foleni kama mtu yeyote. Sanduku nililipima kwa kiganja. Akina mama wazee walilitazama, wakalipokea. Mbao, kitambaa cheupe na misumari: shilingi mia tano na sitini.