Pono wa Bi Rehema

Walimu wenzangu, chekeni tu, lakini mimi, mkaanga samaki alinisahihisha mbele ya darasa langu!

Ilikuwa Likoni, miaka ya tisini. Bi Rehema, mkaanga samaki wa mtaa wa Shika Adabu, aliniletea pono wawili wa somo la baiolojia.

Nikampasua wa kwanza. Mayai tele.

"Huyu ni jike," nikasema kwa madaha, "na hata angeishi zaidi, angebaki jike."

Bi Rehema akacheka pale mlangoni. "La wallahi, mwanangu. Pono huanza jike, akikua huwa dume."

Darasa likaangua kicheko. Nikaudhika.

"Basi nionyeshe, Bi."

Akampasua wa pili, mkubwa zaidi. Korodani changa, na masalio ya mayai kando yake.



(Siku hizi naifundisha sababu: kuna jeni ya kimeng'enya kinachogeuza homoni ya kiume kuwa ya kike. Jeni hiyo ikizimika, ovari hugeuka korodani. Wakati ule sikuyajua hayo.)

Nikafuta ubao, nikampa chaki.

"Sijui kuandika, mwanangu," akasema. "Mimi nitasema, wewe andika."

Nikaandika. Darasa zima likanakili.

Haya, nani mwengine yamemfika?