Pilipili Haifundishi Mbwa

Nakumbuka msimu mmoja wa kupura ulezi, baridi ya Ufipa imekaza hata maji ya kunawa yanauma vidole, kaka yangu Fulgensi alisimama mbele ya ndugu zetu akajisifu kwamba mbwa wake sasa ameiva. Nimelikumbuka jambo hili leo, mwanangu, kwa sababu ya swali lako. Umeniletea kitoto cha mbwa hapa barazani, kizuri, kimenona, kisha ukaniuliza kama ni kweli mbwa akilishwa pilipili anakuwa mkali. Kaa kwanza, chai ipo. Jibu lake ni refu kidogo.

Zama zile ndiyo kwanza biashara zilikuwa zimefunguliwa. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni, ghafla tukaona maduka yamejaa, mitumba imefurika mnadani, na kila kijana mwenye baiskeli akajiita mfanyabiashara. Kijiji chetu kilikuwa upande wa Mwazye. Fulgensi alikuwa akienda hadi Mtowisa, kule bondeni kwenye joto, kufuata mchele wa kuja kuuza huku juu. Nyumba yetu ikapata vitu ambavyo haikuwahi kuwa navyo: redio, godoro, magunia yaliyopangwa mpaka darini. Na penye vitu hapakosi wezi. Zamani mlango wetu tuliufunga kwa kamba ili mbuzi wasiingie, basi. Sasa kila nyumba ikataka mbwa, tena mbwa mkali.

Safari moja Fulgensi akarudi na mbwa mchanga aliyepewa na wafugaji waliohamia kule bondeni na ng'ombe wao kutoka Usukuma. Mbwa wao walisifika. Aliyempa alimwonya, na onyo lenyewe Fulgensi alitusimulia huku anacheka: "Usimfunge kutwa nzima. Mbwa anayekaa na watu ndiye anayejua nani mgeni." Alicheka kwa kuwa alimwona yule bwana mtu wa porini, kana kwamba sisi tulikuwa watu wa mjini. Mji wenyewe wa Sumbawanga tulikuwa tukiuona kwa nadra. Mbwa huyo Fulgensi akamwita Watasema. Jina liliwalenga majirani, nao walilielewa vizuri.

Watasema akakua akiwa amefungwa mnyororo kwenye nguzo ya kihenge, asubuhi mpaka jioni, jua lake, mvua yake. Chakula chake kilikuwa ukoko wa ugali uliochanganywa na pilipili kichaa. Watoto waliambiwa wamrushie magunzi ili awachukie watu. Usidhani ni Fulgensi peke yake, kijiji kizima kilifanya hivyo, na wazee wenye mvi zao walikuwemo. Ujinga haubagui umri. Maji nilimpelekea mimi kila nilipopata nafasi, maana nilimwonea huruma. Na matokeo ya pilipili niliyaona kwa macho, kwa kuwa mimi ndiye niliyefagia uwanja: mbwa aliharisha. Ukali haukuja. Alibwekea kuku, alibwekea upepo, alimbwekea hata mama aliyempikia. Mbwa anayebwekea kila kitu ni sawa na asiyebweka, kwa sababu mwizi akija hakuna atakayeinuka kitandani.

Kisha likaja tangazo la chanjo ya kichaa cha mbwa. Katekista alilisoma Jumapili baada ya misa: bwana mifugo atakuwa uwanja wa shule, kila mwenye mbwa ampeleke. Watu wetu walikuwa na imani moja, kwamba sindano humpooza mbwa, ukali wote unamtoka, anabaki kulala tu jikoni. Baba yetu, mzee Anselmi, hakuwa na imani hiyo. Alimwambia Fulgensi ampeleke mbwa, na neno la baba halikurudiwa. Fulgensi akaitika, akamfungua Watasema, akaenda kumficha kwenye kibanda cha shamba la ulezi, na jioni akarudi akasema tayari. Siku ile mashamba yetu yalibweka kutwa nzima, na pale uwanja wa shule bwana mifugo alikaa karibu peke yake na kisanduku chake cha barafu.

Haukupita muda mrefu, akatokea mbwa asiye na mwenyewe, anapepesuka, udenda unamtiririka. Alipita uwanjani kwetu akamrukia Watasema akamng'ata bega. Mbwa mwingine angekimbia, lakini huyu alikuwa na mnyororo. Tukamfukuza yule mgeni kwa mawe akaishilia porini. Watasema akakilamba kidonda chake, kikapona, nasi tukasahau. Ndiyo maana nakwambia, mwanangu, mnyororo unamzuia mbwa asikuponyoke, lakini unamzuia pia asijiponye.

Wiki kadhaa baadaye mbwa akabadilika. Akaanza kung'ata nguzo na mnyororo wenyewe. Sauti ikakwaruza, ikawa kama ya mtu aliyekabwa. Nikampelekea maji akanirukia mimi, mimi niliyekuwa nikimnywesha tangu mdogo; mnyororo tu ndio uliomzuia. Kaka yangu alifurahi kweli. "Umeona? Pilipili imejibu," akaniambia. Hiyo ndiyo siku aliyojisifu mbele ya ndugu waliokuja kutusaidia kupura. Kila mtu akamsifia mbwa, na mmoja akaomba apewe mtoto wake akizaa.

Kesho yake alfajiri Fulgensi akampelekea chakula, akang'atwa juu kidogo ya kiganja. Nilimkuta nyuma ya jiko anachoma nywele za mbwa kwenye kigae. Alikuwa amembana Watasema shingo kwa mti wenye panda akamkata nywele za ubavuni, kwa sababu tulilelewa tukiambiwa kwamba dawa ya mbwa ni nywele zake mwenyewe: ukizichoma ukapaka majivu, kidonda kimekwisha. Akapaka, akashusha mkono wa koti, akaniambia nisimwambie baba. Baba akijua, atajua pia habari ya chanjo. Nikamwambia afadhali aseme mwenyewe. Akanijibu kwamba kidonda ni kidogo, kitapona kabla ya Jumapili.

Asubuhi ileile akaja shangazi yetu Oresta, dada mkubwa wa baba, mjane, mpishi wa pombe ya ulezi, mwanamke asiye na maneno mengi. Alikuja kupepeta. Kabla hajautua ungo wake akasimama, akasikiliza.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Huyo mbwa ameanza lini kubweka hivyo?"

Hakungoja jibu. Alimtazama kwa mbali, udenda, miguu ya nyuma inayolegea, kisha akauona ubavu ulionyolewa. Akatugeukia sote pale uwanjani. "Nani ameumwa?"

Fulgensi akazidi kuushusha mkono wa koti.

"Mbwa ana kipara ubavuni. Hakunyolewa kwa urembo. Nani ameumwa humu ndani?"

Nikamwelekezea Fulgensi kwa mdomo. Shangazi akamshika mkono, akapandisha koti, majivu yakaonekana. Baba akaelewa yote mara moja, mbwa, chanjo, uongo. Akainua fimbo ya kupuria. Mimi najua sasa kwamba ilikuwa hofu zaidi ya hasira, lakini fimbo haikuambii inatoka wapi. Shangazi akaingia katikati.

"Anselmi, weka hiyo chini. Unamkumbuka Zeno wangu?"

Wote tulimkumbuka. Zeno alikuwa mtoto wake wa pekee, aliyekufa angali shule ya msingi, na tulijua kwamba alikufa kwa kichaa cha mbwa.

"Miaka yote nimesema Zeno aliuawa na mbwa, nanyi mkanipa pole," akasema, bila kupandisha sauti. "Nilikuwa nimemwapia kwamba nikisikia tena amecheza na mbwa wa jirani, nitamchapa mpaka ajute. Akaumwa. Akafunga jani, akaninyamazia. Nilijua siku aliposhindwa kunywa maji, na siku hiyo hakuna daktari anayeweza kitu. Mbwa alimuuma tu, Anselmi. Aliyemziba mdomo ni mimi."

Baba akaiweka fimbo chini. Akaenda mwenyewe ndani akaleta kipande cha sabuni na ndoo ya maji, akaushika mkono wa mwanawe, akauosha. Shangazi akimimina maji, baba akisugua, wakarudia na kurudia mpaka ndoo ikaisha nikaenda kuchota nyingine. Fulgensi akalalamika kwamba dawa ya nywele itatoka. Shangazi akamwambia nywele ni za mbwa, amwachie mbwa. Kisha wakatembea hadi barabara kuu kungoja lori la dagaa linalotoka Kasanga, na kaka yangu akaingia Sumbawanga amekaa juu ya magunia, shangazi ubavuni kwake kama askari na mahabusu.

Sindano hazikuwa moja. Baada ya ile ya pili kidonda kilikuwa kimefunga, naye akaanza kusema amepona, kwenda mjini ni usumbufu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi naongeza kwamba hata anayeyakatiza matibabu njiani huumbuka vilevile. Shangazi alimfuata kila tarehe ya kurudi mpaka daktari aliposema basi. Watasema yeye alikufa siku moja tu baada ya kumng'ata kaka, tukamfukia shimo refu kama bwana mifugo alivyoelekeza, bila kumgusa kwa mikono mitupu. Nilimlilia. Watu walinicheka kwa kumlilia mbwa, nami niliwaacha wacheke, kwa maana hakuwa na kosa hata moja katika mambo yote yale.

Lakini nikuambie kilichobaki moyoni. Miezi ile yote nyumba nzima tulikuwa tunamtazama Fulgensi akinywa maji. Akiinua kikombe, mazungumzo yanakatika. Akimeza, mama anapumua. Hakuna aliyesema kwamba anatazama, na yeye alijua, akawa anakunywa taratibu ili tuone. Yupo mpaka leo, ameota kitambi, bado anauza mchele.

Sasa shika nasaha, mwanangu. Kitoto hiki mpe maji safi kila siku, hata siku ya baridi. Kitafutie kibanda chenye nyasi kavu, usiku wa huku kwetu unakausha mifupa. Ugali na dagaa vinamtosha, mifupa ya kuku usimpe, inachanika ikamchoma koo na utumbo. Mpekue masikioni na katikati ya vidole uwatoe kupe, na mtaalamu wa mifugo akwambie dawa ya minyoo na kipimo chake. Siku hizi maduka ya dawa ni mengi, lakini muuzaji na mganga si mtu mmoja, usinunue kwa kukisia. Samaki mkunje angali mbichi: mwite jina lake, akija mpe kipande na umsifu, akikosea mkataze palepale kwa sauti, si kwa teke. Mwache akae na watu. Atawajua wenu, na asiyekuwa wenu atamjua bila pilipili.

Chanjo usiikose, na kila mwaka irudiwe kama watakavyokuelekeza. Mbwa akibadilika ghafla, mpole akawa mkali au mkali akawa mpole, sauti ikakwaruza, maji yakamshinda, usishangilie wala usimsogelee. Mwite bwana mifugo. Mtu akiumwa, hata kama ni mkwaruzo, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji mengi papo hapo, aende hospitali siku ileile, na sindano azimalize zote.

Na kubwa kuliko hayo, kwa kuwa na wewe sasa una watoto: usiku wa leo, kabla hujawaonya wasimchokoze mbwa, waambie kwanza kwamba atakayeumwa hatachapwa. Waambie mpaka waamini.

Mungu akulindie nyumba yako, mwanangu. Akujalie watoto ambao, wakiumia, wanakimbilia kwako.