Ngoma Isiyolia Vankhadi

Vankhadi ilikuwa nchi ya vijiji kumi na vitatu, na mtawala wake hakuwa mtawala mpaka Ladha Mir apige ngoma ya lango. Ukoo wake ulifanya kazi hiyo tangu enzi za mababu, na malipo yao yalikuwa shamba la uwele kando ya kisima. Shamba hilo ndilo lililomlisha Ladha, mkewe Jambai na mabinti zao wanne.

Thakor, mtawala wao, alifariki katika mwezi wa joto kali, bila mtoto. Mjane wake, ambaye nchi nzima ilimwita Ba, alikuwa ameshamfanya kijana wa shemeji yake kuwa mwana na mrithi. Kwa mila yao maiti ya mtawala haitoki langoni kabla mrithi hajakalishwa kitini na ngoma kulia, kwa maana nchi haiachwi ukiwa hata saa moja. Kijana akakalishwa. Ikabaki ngoma.

Lakini karani wa mkubwa wa Kiingereza, aliyeziangalia nchi zile kwa niaba ya serikali ya kikoloni, alikwisha kuwasili. Alimvuta Ladha kando, akamweleza kwa upole kabisa kwamba serikali haijamkubali mrithi yeyote, na atakayempigia huyo kijana ngoma atanyang'anywa shamba.

Ladha akaenda zake nyumbani, akajifunika blanketi, akatangaza homa. Homa gani hiyo, na mwili baridi kama mtungi! Ba alituma watu mara tatu. Mara zote Jambai aliwajibu mlangoni kwamba mgonjwa hajiwezi, kisha akarudi ndani.

"Baba Rahima, wanao utawalisha vijiti vya ngoma?" alimwambia. "Wewe lala."

Akalala. Siku ya pili harufu ya maiti ikafika sokoni. Ikabidi ukuta wa nyuma wa jumba la mtawala utobolewe, upande wa mazizi, na Thakor akapitishwa hapo kimyakimya. Ladha alizisikia nyundo akiwa chini ya blanketi. Akalivuta mpaka kichwani kwa aibu.

Mvua za kwanza zilipoanguka, karani alirudi na barua, akaisoma langoni mbele ya watu. Mkubwa ameichunguza mila ya Vankhadi, ilisema, na ameiheshimu. Ngoma haikulia. Basi kwa mila yao wenyewe hakuna mrithi, na nchi itasimamiwa na serikali.

Ladha alijipenyeza mbele. "Bwana karani, mimi nilitii. Shamba langu je?"

"Shamba ni la mpiga ngoma wa mtawala," karani alisema, akiikunja barua. "Mtawala wako yuko wapi?"

Watu walimtazama Ladha, kisha wakaacha kumtazama, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Ba aliondoka wiki ile kurudi kwa kaka zake, katika mkokoteni wenye pazia. Ladha alimngojea langoni, ngoma imewambwa upya, vijiti mkononi. Mkokoteni ukasimama.

"Ni mimi Ladha, Ba. Niruhusu nikupigie, mara hii tu."

Pazia halikufunguka. Sauti ya ndani ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Umepona homa, Ladha?"

Hakungoja jibu. Mwendeshaji aliwagusa ng'ombe, wakaanza kwenda.